Nani Anamlisha Douce Maneno?

Jumatatu, 2 Septemba 1996. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi.

Nakufa. Muuguzi wa kambi anasema ni kifua tu, nipunguze moshi na hasira. Anaficha. Nimekuwa inspekta wa shule za msingi Bukavu nusu ya maisha yangu. Uso wa mtu anayeficha naujua.

Padri Apollinaire amenishauri nitayarishe ungamo langu la mwisho mapema, na kwa kuwa kumbukumbu imechoka, niandike. Haya, naandika. Nitasema yote, bila aibu. Naanza na makosa ya Léonidas.

Léonidas ni jirani yetu, Mrundi, tunashiriki ukuta mmoja. Kutwa amekaa mlangoni na ungo wa maharage, anachambua na kuongea. Anaongea na mkewe Ernestine. Anaongea na kuku. Ernestine akiondoka na kuku wakaondoka, anaongea na ungo. Ana mjukuu, Kirezi, wa miaka miwili na ushee. Kirezi anaongea kutoka jogoo hadi bundi. Mjukuu wangu Douce ni wa umri uleule, tena damu ya inspekta, na anasema mama, maji, paka na hapana. Basi.

Si hilo linaloniua. Leo asubuhi Douce amesimama mlangoni, amenyoosha kidole kwa Léonidas, amesema wazi kabisa: "Babu."

Kwa Léonidas!

Mimi hajaniita kitu. Hata siku moja. Nimemuuliza binti yangu Sophie: nani amemfundisha neno hilo? Hajui. Nimemuuliza mkwe wangu Fabrice: nani? Hajui, anatafuta kiatu chake. Nimemuuliza Douce mwenyewe. Nani, Douce? Nani? Ameniangalia sana, kidole mdomoni.

Njama ipo.


Jumanne, 3 Septemba.

Sijalala. Nimeweka lengo.

Kabla sijafa nitamsikia Douce akiniita Bonpapa. Ndivyo wajukuu wa watu waliosoma walivyowaita babu zao kwetu Bukavu, Kifaransa safi cha Wabelgiji. Sophie anasema neno hilo ni zito kwa mdomo mdogo, nianze na babu. Babu limekwisha kuvaliwa na Léonidas. Sivai mtumba wa Mrundi.

Kwa kuwa hili ni ungamo, niseme na sababu ya kweli. Mtoto wa umri huu husahau. Mvua zitanikuta udongoni, naye atakua akiambiwa kulikuwa na mzee mmoja aliyekohoa. Lakini mtu uliyemwita kwa jina, hata ukimsahau, ulimi wako ulimjua. Nataka ulimi wa Douce unijue. Sitaki jingine.

Tatizo nimeligundua. Kichwa cha mtoto ni debe. Ukilijaza makapi, mchele utaingilia wapi? Angalia yanayomwagwa humo: Kirundi kutoka ukutani, Kinyarwanda kutoka kwenye pampu ya maji, Chichewa kutoka kwa akina mama wa nyanya, na Kiswahili cha mama yake, ambacho nacho ni mgonjwa. Leo nimemsikia Fabrice akisema "mutoto iko analala". Mtu mwenye diploma!

Debe limwagwe kwanza.


Jumatano, 4 Septemba.

Nimepata dawa. Simboli.

Vijana wa leo hawaijui. Shuleni kwetu, kwa mafrère, watawa wa Kibelgiji, mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani alitundikwa kipande cha ubao shingoni. Alikivaa mpaka amnase mwenzake, naye ndiye akakirithi. Mimi nilikivaa muhula karibu mzima. Nililia, nilichekwa, nikawa mtu.

Nimechukua kifuniko cha kopo la mafuta ya msaada, nimekitoboa kwa msumari, nimepitisha kamba. Nimeita familia. Sheria: mbele ya Douce ni Kifaransa, au Kiswahili kilichonyooka. Atakayekosea atavaa kifuniko mpaka amnase mwingine. Fabrice akauliza kama ninatania. Inspekta hatanii.

Kabla sufuria haijachemka, Sophie akamwambia mtoto: "Kuya hapa, mama." Njoo, si kuya! Tena mtoto wake anamwita mama! Nikamvika. Sophie akamnasa mumewe wakati wa kula. Fabrice akavaa, akatoka kukaa nje na sahani yake.

Kazi imeanza.


Alhamisi, 5 Septemba.

Nyumba ni kimya kama bweni wakati wa ukaguzi. Sophie akitaka chumvi anapapasa hewani. Fabrice akiaga anainua kofia. Hakuna anayekosea, kwa sababu hakuna anayesema.

Douce anatazama mdomo wa mama yake, kisha wa baba yake, kama mkulima anayetazama wingu. Jioni ametazama mdomo wangu. Nilikuwa nimeufunga, kwa kutoa mfano.

Hajasema neno kutwa. Vizuri sana. Debe linamwagika.


Ijumaa, 6 Septemba.

Léonidas ameingia kusalimu bila kualikwa, mkewe nyuma yake. Nilimngoja. Akainama kwa Douce, akasema: "Bite, mwana wanje?"

Hujambo mwanangu, kwa Kirundi! Nyumbani mwangu! Nikamvua Fabrice kifuniko, nikamvika Léonidas mbele ya mkewe.

Nilitegemea aibu. Léonidas ameshika kifuniko kwa mikono miwili, amekifuta kwa shati, amenishukuru. Amesema tangu azaliwe hajawahi kupewa nishani. Kisha ametoka nacho kifuani. Amekwenda nacho kwenye pampu, amekwenda nacho kwenye mgao wa mahindi, amekwenda nacho kwenye mazoezi ya kwaya, anamwambia kila mtu kwamba Inspekta Zihindula amempamba.

Watu wanampongeza. Wawili wameniuliza sifa zinazotakiwa.


Jumamosi, 7 Septemba.

Maafa.

Nimeamka nimekuta watoto wa kambi nzima mlangoni. Wamepanga mstari wenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulipata katika ukaguzi wowote. Kila mmoja anataka kunaswa. Wa kwanza akajitokeza, akafunga mikono nyuma: "Mzee, nisikilize mimi. Galu!" Ni mbwa, kwa Chichewa. Wa pili akasema neno la Kirundi. Wa tatu akasema neno la Kinyamulenge ambalo Ernestine alipolisikia alimfukuza na mwiko.

Nikawaambia nishani hakuna. Wakadhani wamekosea kwa sauti ndogo mno, wakaongeza sauti.

Na katikati yao Douce, anapiga makofi, uso umewaka kama taa. Jioni mbwa amepita, naye akanyoosha kidole: "Galu."

Mbwa mwenyewe hasa! Si mbuzi, si kuku! Nikapiga magoti. Nani, Douce? Nani amekufundisha? Nikamuuliza Sophie: nani? Sophie akaangalia mstari wote ule uliokuwa umesimama pale, akainua mabega.

Nimemwendea Léonidas, nimemtaka arudishe kifuniko. Amekataa. Sheria inasema mwenye nacho anakivaa mpaka amnase mwingine, naye hajanasa mtu. Nikamuuliza ameijuaje sheria kwa undani huo. Kumbe naye alisoma kwa mafrère, Gitega.

Alilificha hilo muda wote huu. Kwa nini?


Jumatatu, 9 Septemba.

Mpango wa pili. Mtoto atengwe na kelele.

Nimechora picha kwenye makaratasi ya boksi: ng'ombe, nyumba, kitabu, babu mwenye miwani (Bonpapa). Nimefunga mlango wa chumba changu. Nimemkalisha Douce kwenye mto. Nimeinua ng'ombe, nimetaja jina mara moja, kwa sauti safi, nimengoja. Ndivyo njia inavyotaka.

Douce ameng'ata pembe ya ng'ombe.

Kisha amenyoosha kidole kwenye mkongojo wangu. Haupo kwenye somo. Akanyoosha kidole kwa mjusi ukutani. Hayupo kwenye somo. Akanionyesha kifua changu nilipokohoa, akakohoa naye, akangoja nifanye tena. Nimemrudisha kwenye ng'ombe. Amelia.

Wakati huohuo ukutani nasikia Léonidas. Harage limemponyoka Kirezi. Léonidas akasema limeanguka. Kirezi akasema limeanguka. Akauliza limeanguka wapi. Kirezi akasema chini. Chini wapi, mama? Chini ya kuku. Eh, kuku atalila? Atalila! Liambie kwaheri. Kwaheri, harage. Robo saa kwa harage moja!

Nimetafakari sana. Kwa ng'ombe wangu, niliyemchora na mkia na kwato, Douce hajapata neno hata moja. Kwa harage moja bovu Kirezi amepata mzigo mzima. Ni dhahiri: maharage yale yana kitu.

Jambo jingine, la kutisha zaidi. Nilipofungua mlango, Douce ameweka kiganja kwenye goti langu, ameniangalia machoni, amesema: "Nani."

Nimeshtuka. Nikamuuliza, nani nini? Akacheka, akasema tena: "Nani!"

Ananihoji. Mtoto amefundishwa kunihoji.


Jumanne, 10 Septemba.

Léonidas alipokwenda kuteka maji nimechota maharage kwenye ungo wake, mfuko wa koti umejaa. Nimemwambia Sophie ayapike kando, mtoto ale. Sophie akaniuliza maharage haya yametoka wapi, na sisi tumepata yaleyale kwenye mgao uleule, gunia moja. Nikamwambia apike.

Douce amekula, amelala. Hajasema kitu.

Mimi nimeonja kwa uchunguzi. Nimekuwa chooni tangu alasiri. Kila nikitoka namkuta Douce kwenye kona ya nyumba, ananingoja. "Nani," anasema, na kurudi mbio kwa Kirezi.

Anapeleka taarifa.


Alhamisi, 12 Septemba.

Kesho naenda Lilongwe, hospitali kubwa, kwa ajili ya kifua. Sophie ananisindikiza na Douce mgongoni. Fabrice yuko hukohuko tayari, anauza nguo kuukuu mtaa wa Area 36.

Wao wanadhani naenda kwa kifua tu. Nina mpango wa tatu. Nimekunja koti langu la ukaguzi ndani ya mkeka. Lina vifungo vyote.

Léonidas amekuja kuaga na kifuniko kifuani, kinang'aa, amekisugua kwa majivu. Amemwambia Douce amletee hadithi ya mjini. Hadithi! Mtoto ambaye hana maneno kumi! Nimemwambia hivyo. Léonidas akasema, "Muzehe, si ndiyo maana anaziomba?"

Sijui alimaanisha nini. Nimeandika ili isipotee.


Ijumaa, 13 Septemba. Lilongwe.

Tumefika na lori la mahindi. Daktari amesikiliza kifua changu mbele na nyuma. Amesema kimechakaa lakini kinafanya kazi, nimeze dawa, nikae mbali na moshi, naweza kuona mvua nyingi bado. Hawa watu wa dawa wamepatana.

Kwenye foleni kulikuwa na muuguzi anayepima uzito wa watoto, mama mnene Mmalawi mwenye miwani kama yangu. Nimemwambia Sophie amuulize kwa Kiingereza chake kidogo ulimi wa mjukuu wangu una kasoro gani. Nilitegemea amfunue Douce mdomo. Hakumfunua. Ameniangalia mimi.

Akauliza nani huongea na mtoto mchana. Sophie akafungua kinywa, akakifunga, kwa mazoea. Nikajibu ninamfundisha kila siku, kwa njia. Akauliza mtoto akisema kitu mimi humjibu nini. Nikasema namuuliza aliyemfundisha ni nani. Akauliza akinyoosha kidole je. Nikasema namrudisha kwenye somo.

Yule mama akaandika uzito wa Douce kwenye kadi. Kisha akamwambia Sophie, na Sophie akanitafsiria akiangalia dari: mtoto huokota maneno kwa watu wanaomjibu. Akionyesha mjusi, mwambie mjusi, na mjusi anakwenda wapi. Lugha mbili, tatu, nne, haidhuru, atazipanga mwenyewe. Kichwa cha mtoto si debe.

Debe! Nani amemwambia habari za debe? Sijalitaja! Nikamuuliza Sophie. Sophie akasema labda huko kwao Malawi nako kuna madebe.

Nimemuuliza yule mama kama ana ukoo Burundi. Amesema hana. Amejibu haraka mno.

Mchana, mtaa wa Old Town. Nimeingia duka la Mhindi wa vyombo, nimempa koti langu la ukaguzi, nimechukua redio ya mkanda wa masafa mafupi. Ameliangalia koti, akaniangalia mimi, akaongeza betri bila kuombwa. Sophie ameuma midomo. Nimemwambia, redio haichambui maharage, haina ujirani, na inasema Kifaransa. Itamfundisha mtoto hata nikiwa kaburini.

Sokoni Sophie alipokuwa akichagua dagaa, akina mama wa nyanya walimwita Douce, naye akawaitika. Wakampa nyanya, akaipokea. Wakamwambia aseme zikomo, yaani asante, akasema zikomo. Wakacheka, akacheka, wakarudia, akarudia. Tulipopanda lori la kurudi alikuwa anabubujika mgongoni kwa mama yake: nyanya, zikomo, gari, bwera (njoo yao), gari kubwa. Gari kubwa! Maneno mawili yameshikana mikono!

Nani? Nimeuliza kila mtu ndani ya lori. Wamesogea upande wa pili.

Hii si kazi ya Léonidas peke yake. Mji mzima umo.


Jumapili, 15 Septemba.

Redio. Mchana inasema Chichewa tu, matangazo ya misiba na nyimbo za kanisa. Magharibi, nikiielekeza kwenye dirisha la gereza la zamani lililo hapa kambini, Kifaransa kinakuja kupitia kwenye mvumo kama wa mvua ya mawe. Nimemkalisha Douce mbele yake tangu ibada ilipokwisha.

Ameikaribisha uji. Imekataa. Amezunguka nyuma yake kutafuta watu. Hakuwakuta. Akaipigapiga mgongoni kama anavyopigwa yeye akicheua, akangoja ijibu. Mwanamume wa Kifaransa akaendelea na bei ya kahawa. Douce akasimama akaenda zake.

Nimemfuata kwa siri, kwa mkongojo. Amekwenda moja kwa moja kwa Léonidas, amemvuta suruali, amesema: "Babu. Nani kohoa."

Nikajitokeza. Nikamjibu kwa ukali kwamba anayekohoa ni mimi, nani mwingine!

Léonidas ameweka ungo chini. Ameshika mbavu. Ernestine ametoka ndani kuuliza kuna nini, akaambiwa sikioni, akajifunika uso kwa kitenge.

Wanajua.


Jumanne, 17 Septemba.

Ushahidi unakusanyika. Nauandika ulivyo.

Jana asubuhi, nikiwa bado kitandani, Douce amechungulia, akamgeukia mama yake: "Nani lala." Nikaamka haraka kuonyesha kwamba hakuna anayelala.

Mchana akaonyesha kiti changu: "Nani kiti." Nikasema ni changu.

Leo amepewa ndizi mbili na Ernestine. Moja akala. Ya pili akaileta chumbani kwangu, imepondeka, akaniwekea kiganjani: "Nani kula." Nimeinusa kwanza. Nikamuuliza: nani amekutuma? Akaruka kwa furaha kama aliyeitwa jina lake.

Hitimisho: Léonidas anamtuma kujua nalala saa ngapi, nakaa wapi, nakula nini. Anataka redio nikifa.

Nimeila ndizi. Ushahidi haupaswi kuachwa uoze.


Ijumaa, 20 Septemba. Zahanati ya kambi.

Naandika nimelala chali. Herufi zimepinda, nivumiliwe.

Jana alfajiri nilijificha nyuma ya ukuta wa Léonidas, kati ya kuni na jiko lake la mawe, nimsikie anavyomlisha mtoto maneno. Nilitaka kumnasa na neno mdomoni. Ernestine akawasha moto kwa kuni mbichi. Moshi wote ukanijia mimi. Sikuweza kukohoa, kwa kuwa ningegunduliwa. Nikajizuia. Kisha sikuweza kupumua hata nilipotaka.

Nilianguka juu ya kuni. Nadhani nililia. Kisha nikaona miguu midogo.

Ni Douce. Alisimama juu yangu. Sijawahi kumsikia akipiga kelele namna ile. "Nani! Nani! Nani!" Akakimbia, akarudi anamvuta Léonidas suruali, bado anapiga kelele ileile, na kidole chake kilikuwa kinanionyesha mimi. Si mlango, si moshi. Mimi.

Léonidas hakuuliza kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuongea. Amenibeba mgongoni, amenipakia kwenye baiskeli ya Fabrice, amenishika kwa mkono mmoja na kusukuma kwa mwingine mpaka zahanati, kifuniko chake kinanigonga sikio njia nzima.

Jioni Sophie amekaa ukingoni mwa kitanda. Macho mekundu. Nimemnong'oneza kwamba ameona mwenyewe, mtoto hata nikifa anauliza maswali, lazima tujue yule anayemtuma.

Sophie akasema: "Papa, haulizi. Anakuita."

Nikasema sielewi.

"Hiyo njo jina yako kwake. Toka asubuhi mpaka magaribi we unamwambiaka nini? Nani, nani, nani. Mutoto anasemaka kile anasikiaka. Mi niko Mama, Léonidas iko Babu sababu Kirezi anamwitaka vile. Na we uko Nani."

Nimegeukia ukuta.

Nimepitia maandishi haya yote kichwani. Nani kohoa. Nani lala. Nani kula, na ile ndizi.

Douce akapandishwa kitandani. Akashika ndevu zangu, akaangalia kama nimo. Akasema polepole: "Nani."

Nikaitika. Sikusema neno la maana, niliitika tu kama mtu anavyoitika. Akaridhika. Akanionyesha mjusi darini. Nikamwambia, mjusi. Akasema, mjusi. Nikamuuliza mjusi anakwenda wapi. Hakujua, mimi pia sikujua, tukamwangalia mpaka akaingia ufa.

Léonidas alikuwa mlangoni. Alisubiri tumalize. Kisha akavua kifuniko chake, akakibusu, akanivika mimi. "Umenaswa, muzehe. Pale kwenye kuni ulilia kwa Mashi. Ernestine ni shahidi."

Ni kweli. Nilimwita mama yangu. Lugha ile ya nyumbani sijaisema tangu nivae kile kipande cha ubao.


Jumapili, 22 Septemba. Nyumbani.

Nimerudishwa. Kifua kinapiga filimbi lakini kinakwenda. Kifuniko bado kiko shingoni. Siwezi kukitoa mpaka nimnase mtu, na hakuna wa kumnasa. Kila anayepita mlangoni ananisalimu kwa Kifaransa. Hata Ernestine. Hata watoto wa mstari ule. Léonidas anainua kofia ukutani: "Bonjour, Bonpapa!"

Kambi nzima inaniita Bonpapa. Isipokuwa mmoja.

Nakiri, jina langu jipya silichukii. Ni fupi, analitamka bila kujikwaa, na akiliita kutoka upande wa pili wa nyumba moyo unasimama wima. Leo asubuhi ameniita zaidi ya alivyomwita Léonidas. Nimeitika kila mara. Redio nimempa Léonidas aiongeleshe.

Nimesamehe yote. Limebaki jambo moja.

Nani alimfundisha neno hilo?

Sophie anang'ang'ania kwamba ni mimi. Haiwezekani. Mimi neno hilo situmii. Nimewaita wote, nimewapanga mbele ya kitanda, nimewauliza mmoja mmoja. Nani? Fabrice ametoka nje. Sophie ameng'ata kitenge. Léonidas amejibu kwa Kifaransa kwamba hana la kusema. Nikarudia kwa sauti ya ukaguzi: nani? Nani?

Douce amekuja mbio kutoka uani, amepanda kitandani, amekaa kifuani kwangu juu ya kifuniko. Anatabasamu. Analindwa na mtu mkubwa, naona.

Saa hii Padri Apollinaire yuko mlangoni na mafuta matakatifu, amekuja kusikia dhambi zangu. Nimemwambia za Léonidas ziko tayari, zangu sijazifikia. Akasema mafuta basi yatangulie. Nimemwambia ayarudishe.

Siwezi kufa sasa. Kwanza nijue ni nani.